Ukoko wa Kandi

Otmari Kalinga aliingia kilabuni na kiroba begani, akakifungua mdomo na kukimwaga juu ya meza ya Gaudensi. Vikombe vya ulanzi, pombe ya mianzi, vilipinduka. Otmari alikuwa mkulima wa viazi, lakini kilichomwagika hakikuwa viazi. Kilikuwa ukoko. Ukoko wa ugali, mkavu, vipande vya duara vilivyobanduliwa chini ya sufuria, vingine vimeota ukungu wa kijani, vingine vimegugunwa na panya pembeni.

Gaudensi Tawete alishika kipande kimoja, akakigonga mezani. Kililia kama kigae.

"Mhehe," alisema, "mbwa wamekwisha huko kwenu, sasa mnauza ukoko?"

Hakuna aliyeshangaa kusikia Mhehe akisingiziwa kula mbwa. Gaudensi alikuwa Mngoni na Otmari alikuwa Mhehe. Mababu wa pande hizo mbili walichinjana mpaka wakachoka, wakabakiza utani. Mtani atakutukana mbele ya wakwe zako na huna ruhusa ya kukasirika. Siku ukifiwa, yeye ndiye anakuja kuvaa nguo za marehemu wako, kutembea kama yeye, na kulala ndani ya kaburi akisema hatoki mpaka apewe jogoo. Otmari alitakiwa ajibu kwamba Wangoni bado wanakimbia tangu vita ile. 

"Ni wa Kandi," alisema. "Mama yake anamwekea kila siku."

Gaudensi alirudisha kipande chini polepole.

Kandidus, ambaye mji mzima ulimwita Kandi, alikuwa mtoto pekee wa Otmari na Akwilina. Alikuwa fundi wa mitambo ya upepo, ile minara yenye mapanga matatu iliyosimama juu ya kilima chote cha Mapangani na kupeleka umeme mpaka pwani. Mvua za mwisho zilipokuwa zikikatika, mkanda wake wa usalama ulikatika pia, akaanguka. Gaudensi ndiye aliyefanya utani kwenye msiba huo. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega wasidondoke, na Akwilina alicheka kuliko wote. Siku ile Gaudensi alirudi nyumbani akijiona bingwa.

"King'ora cha jioni kikikaribia kulia anakwenda getini kwa kampuni," Otmari alisema. "Ukungu umeshuka, upepo unakata masikio, yeye kasimama na sweta la Kandi mkononi, eti mtoto asije akapata baridi. Namwambia, Mama Kandi, mtoto tulimzika. Anacheka. Anacheka, Gaudensi, anashika tumbo. Ananiambia, 'Baba Kandi, una maneno wewe.' Sasa anakohoa damu."

"Umempeleka hospitali?"

"Nimempeleka. Daktari wa punje anakutaka wewe."

"Mimi? Mwambie nimelewa."

"Nilimwambia utakuwa umelewa. Akasema nikulete hivyohivyo."

*

Punje ilikuwa kitu kidogo kama mbegu ya mtama. Iliwekwa chini ya ngozi, nyuma ya sikio la kushoto, na kila mfanyakazi wa kampuni ya umeme alikuwa nayo. Akwilina alikuwa mpishi wa kantini, kwa hiyo alikuwa nayo. Otmari alilima shamba lake mwenyewe, hakuwa nayo. Gaudensi pia hakuwa nayo, lakini yeye alikuwa na sababu nyingine. Alikuwa mmoja wa watu waliozifundisha.

Kazi hiyo ilifanyika katika banda refu la mbao za msindano lililoitwa nyumba ya majina. Ulikaa kwenye kiti, ukavaa fulana nzito yenye nyaya. Fulana ilichukua mwili wa mtu usiyemjua, aliyerekodiwa mahali fulani, ikauweka juu ya mwili wako. Moyo wake ulidunda kifuani mwako. Tumbo lake lilikaza juu ya tumbo lako. Mbele yako kulikuwa na picha ya pale alipokuwa: sokoni, kazini, kanisani. Ulisikiliza, halafu ukabonyeza kitufe cha jina. Hofu. Hasira. Furaha. Msiba. Aibu. Kicheko. Punje nazo zilijifunza kwa majina hayo. Waliofanya kazi hiyo hawakuruhusiwa kuwa na punje, kwa sababu kampuni ilitaka mioyo ambayo haijaguswa. Ilipoona imevuna vya kutosha, ililifunga banda, na Gaudensi akarudi kuchonga vitanda na majeneza.

Daktari Zubeda Shemhilu alikuwa mwanamke mwembamba kutoka milima ya Usambara, aliyevaa makoti mawili kwa sababu baridi ya Mapangani haikuwahi kumzoea. Aliwaketisha Gaudensi na Otmari, akawasha ukuta. Mistari mitatu ilianza kutembea juu ya ukuta huo.

"Huyu ni Akwilina, sasa hivi, yuko jikoni kantini anamenya vitunguu," alisema. "Huu moyo, hii pumzi, hili tumbo. Mzee Tawete, wewe ulikuwa mtia majina. Ungebonyeza nini?"

Gaudensi hakuhitaji fulana. Aliitazama mistari jinsi seremala anavyotazama ubao.

"Msiba," alisema. "Msiba wa jana."

"Ni wa miezi mitano. Na yeye mwenyewe, ukimuuliza, atakwambia ana furaha. Hadanganyi."

"Sasa ni nani anadanganya?"

Daktari alivuta kiti, akaketi karibu nao. "Ubongo unakaa gizani, umefungiwa ndani ya mfupa. Hauoni huzuni wala mapenzi. Unachopata ni habari tu kutoka mwilini: moyo unakwenda mbio, koo limebana, tumbo limekaza. Habari hizo hazina jina. Aliyepanda mlima anazo, aliyependa anazo, aliyefiwa anazo. Ubongo unakisia. Unaangalia yaliyowahi kumpata mwenyewe, unaangalia yuko wapi na nani, halafu unaamua: hii ni hofu, hii ni njaa, huu ni msiba. Ukishaamua, ndipo mtu anahisi. Punje haifanyi uchawi. Inawahi kukisia kabla ya ubongo."

"Na ya Akwilina inakisia kicheko."

"Za wote zinakisia hivyo, wakifiwa. Unajua kwa nini."

Alijua. Otmari aligeuza shingo kumtazama, na Gaudensi akaangalia dirishani.

Kule nyumba ya majina walimpa yeye rekodi za misiba ya nyanda za juu kwa sababu alikuwa mwenyeji wa huko. Fulana ilimwekea kifuani wajane waliokuwa wakipasuka, mpaka akahisi mbavu zake zinafunguka, na kwenye picha palikuwa na mtani amevaa nguo za marehemu, anarukaruka. Na kwa desturi yao, mbele ya mtani hakuna anayelia. Ukilia, mtani anakutoza. Kwa hiyo hata machozi yakikutoka, watu wote watasema unacheka, na wewe utasema unacheka. Gaudensi alimwomba msimamizi kitufe cha ziada, cha kicheko na msiba kwa pamoja. Msimamizi, kijana wa mjini, alimwambia mashine haitaki mambo mawili, achague. Akachagua kwa desturi. Kicheko. Kicheko. Kicheko. Nyanda za juu nzima.

"Kampuni ilijua?" Otmari aliuliza.

"Iligundua mapema. Iliona wafiwa wanarudi kazini kesho yake, wanatabasamu. Ikaacha kama ilivyo. Sasa inaziuza mpaka nchi ambazo hazijui mtani ni kitu gani." Daktari alisema hayo bila kupandisha sauti. "Nimeandika barua za kulalamika. Wananijibu kwa kunishukuru."

"Basi mwacheni," Gaudensi alisema. "Kama anacheka, mwacheni acheke. Kuna watu wangelipa ng'ombe."

"Ng'ombe wangu wachukue," Otmari alisema. "Uje ulale pale kitandani, usikie mtu anacheka wewe unapomlilia mwanao."

Daktari aliweka mkono mmoja kwenye ukuta, mstari wa moyo ukakua. "Mwili wake unalia tangu siku ile. Hakuna aliyeuambia utulie, kwa sababu hakuna aliyeusikia. Moyo umevimba. Halali. Mapafu yamechoka kwa baridi ya getini. Na getini hataacha kwenda, Mzee Tawete, kwa sababu kwake Kandi hajafa. Amechelewa tu. Ubongo wa mama umekisia miaka yote kwamba jioni mlango utafunguliwa. Usipofunguliwa, anaumia, na kuumia huko ndiko kunakoufundisha. Leo kidogo, kesho kidogo, mpaka unaacha kukisia. Akwilina hajaumia hata mara moja. Hajafundishika."

"Izime basi hiyo punje."

"Niliwahi kuzima ya mama mwingine wa kantini hiyohiyo. Ilimjia yote kwa mpigo. Alikufa kabla jua halijazama."

 Kisha daktari alibadilisha mistari. Hii ilikuwa ya zamani, kabla ya punje. Mstari wa moyo ulipanda, ukapanda, ukafika mahali ambapo Gaudensi mwenyewe alishika kiti. Pale ukavunjika, ukashuka. Ukatulia. Ukaanza kupanda tena.

"Huyu ni mjane wa Kidugala," daktari alisema. "Kila anapokaribia kupasuka, mstari unashuka. Nikatafuta picha. Mtani ni wewe. Unaingia na upuuzi wako, anapumua. Halafu unamtajia marehemu, anarudi mlimani. Ulikuwa unampa msiba kwa kijiko."

"Mimi nilikuwa nataka jogoo."

"Sisemi ulijua. Nasema iliwezekana." Alizima ukuta. "Nataka msiba wa Kandi urudiwe. Nyumbani kwake, punje imezimwa, wewe ukiwepo."

"Mwenyewe amekubali?"

Daktari alifunga kifungo cha koti la juu, akakifungua. "Nilimuuliza. Alicheka."

"Kwa hiyo mnataka kumnyang'anya mtu furaha yake kwa nguvu."

"Si furaha."

"Yeye anaiita furaha! Nani alimfundisha kuiita hivyo? Si mimi? Si nyinyi? Leo mimi tena nikamwambie nilikosea, nipe nikuumize?" Gaudensi alisimama, kiti kikaanguka. "Na akifia mikononi mwangu?"

Alijibu Otmari, akiangalia viganja vyake vilivyojaa udongo. "Atakuwa amekufa na mimi. Sasa hivi niko peke yangu."

*

Gaudensi hakuwaahidi kitu. Jioni alikwenda getini mwenyewe, akiwa hajanywa.

Akwilina alikuwa pale, ameegemea nguzo, mfupi na mnene zamani, mfupi tu sasa. Sweta la bluu alikuwa amelikunja vizuri mkononi. Alipomwona Gaudensi uso ulichanua.

"Kamwene, Mngoni! Umekuja kuiba waya?"

"Kamwene, Mama Kandi. Nimekuja kuhesabu mbwa. Naona wamepungua tangu mhamie mtaa ule."

"Wewe babu yako alikimbia mpaka akasahau viatu, leo unajua kuhesabu?" Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akaweka leso mdomoni, akaikunja haraka asione mtu. "Nisubirie hapa. Kandi akitoka mtakwenda wote. Una habari amepata mchumba?"

"Sina."

"Binti wa Ilembula. Ana shingo ndefu. Nimemwambia Baba Kandi tutafute mshenga, anakaa tu ananitazama kama gogo. Huyu mzee kazeeka vibaya." Alimshika Gaudensi mkono, na kiganja chake kilikuwa cha moto. "Nikwambie kitu? Tangu nizaliwe sijapata kuwa na raha kama mwaka huu. Naamka nacheka, nalala nacheka. Mama yangu alikuwa mtu wa kununa, nilidhani nami nitakuwa hivyohivyo."

Mama Sesi, mfagiaji wa karakana, alipita na toroli lake. Mume wake alianguka kwenye mnara huohuo alioangukia Kandi, mwaka mmoja kabla. "Bado unamsubiri tu bwana mkubwa?" alimuuliza Akwilina. "Wangu mimi kachelewa kuliko wako!" Wanawake wawili walicheka, wakapigana viganja, toroli likaendelea na safari yake.

Gaudensi alimgeukia Akwilina.

"Mama Kandi," alisema. "Kandi alikufa."

Akwilina alimtazama, na Gaudensi, ambaye kwa miaka mingi aliwavaa watu kifuani, aliona kila kitu. Aliona koo likipanda na kukwama. Aliona mkono ukienda tumboni, chini kidogo ya mbavu, ukibonyeza pale panapouma. Macho yakajaa maji. Halafu punje ikawahi, na mdomo ukafunguka, na kicheko kikatoka, kikubwa, kizuri, mpaka mlinzi wa geti akacheka naye bila kujua sababu.

"Wangoni!" alisema akijifuta macho. "Mtakuja kuniua nyinyi."

King'ora kililia. Wafanyakazi wakaanza kutoka, makoti ya rangi ya chungwa, kofia ngumu mikononi. Akwilina alitazama sura moja moja. Kila alipopita mtu mrefu, sweta liliinuka kidogo mkononi mwake, likashuka. Likainuka, likashuka. Wa mwisho alipotoka mlinzi alivuta geti.

"Basi kesho," Akwilina alisema, na kucheka.

Gaudensi alimsindikiza mpaka kwake. Otmari alikuwa mlangoni. "Niletee lile koti la Kandi," Gaudensi alimwambia kwa sauti ya chini. "Na kofia. Mwambie yule daktari Jumapili."

*

Jumapili walimwambia Akwilina kwamba daktari anakuja kumpima kifua. Alipika, kwa sababu mgeni hapimi mtu bila kula. Daktari Shemhilu alipitisha kijiti kifupi nyuma ya sikio lake la kushoto, akamwambia apumue. Akwilina akapumua. Punje ilizimika bila mlio wowote. Daktari akaketi kwenye kigoda pembeni, kioo kidogo cha mistari kiganjani, na sindano tayari ndani ya mfuko. Akwilina alirudi kwenye mafiga, akageuza ugali, akaanza kuupakua. Mara akasimama, mwiko hewani, kama mtu aliyesikia ameitwa mbali.

"Kuna nini leo?" alimuuliza mumewe. "Mbona kumekuwa kimya hivi?"

Gaudensi alikuwa nyuma ya nyumba, amevaa koti la chungwa. Mpango ulikuwa rahisi. Ataingia kama Kandi, kama desturi inavyotaka. Atamwigiza kidogo, watu watacheka. Halafu atavua kofia, awe Mngoni, adai jogoo wa marehemu. Neno hilo marehemu litaingia likiwa limefungwa ndani ya mzaha. Akipanda sana, amshushe. Akishuka, ampandishe. Kazi aliyoifanya maisha yake yote.

Alipiga mluzi ule wa Kandi, wa kupitisha hewa kwenye pengo la meno. Aliinama mlangoni kama Kandi, ingawa yeye hakuwa mrefu wa kugonga fremu, akaingia akirusha mabega.

"Njaa inauma, mama," alisema. "Ukoko wangu uko wapi?"

Na papo hapo akajua wamekosea.

Misiba yote aliyowahi kufanya, mama alikuwa akijua mtoto amekufa. Ndiyo maana mzaha ulikuwa mzaha. Akwilina hakuwa akijua. Ubongo wake ulikuwa umeachiwa kamba kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitano, na kitu cha kwanza ulichoona ni koti, mluzi, na kichwa kinachoinama mlangoni. Ukakisia.

"Umechelewa," Akwilina alisema.

Haikuwa sauti ya kicheko. Ilikuwa sauti ya mama aliyekasirika kidogo. Alimjia, akamwekea sweta la bluu mabegani, akalivuta likae sawa. Macho yake yalikuwa juu ya uso wa Gaudensi, juu ya masharubu yake na makunyanzi yake, na hayakuyaona.

"Umekonda. Wanawapa nini huko juu?" Alibandua ukoko wa sufuria kwa kisu, mzima, wa moto, akaunyunyizia chumvi, akampa. "Kula kabla haujapoa."

Gaudensi alimtazama daktari. Daktari alikuwa akitazama kioo chake, na midomo yake ilikuwa wazi.

"Umetulia," alinong'ona. "Moyo wake umetulia."

Alimtazama Otmari. Yule mzee alikuwa amesimama karibu na ukuta, na macho yake yalikuwa juu ya koti la mwanawe.

"Kula," Otmari alisema. "Kula tu, mwanangu."

Ilikuwa inawezekana. Gaudensi aliiona yote pale aliposimama, ukoko ukimchoma vidole. Angekuja kila king'ora kikilia. Angepiga mluzi, angeinama mlangoni, angekula. Akwilina asingekwenda getini tena. Kifua kingepona. Otmari angekuwa na mtoto saa moja kwa siku, na hakuna ambaye angeumia. Angekuwa punje nyingine tu, yenye masharubu na harufu ya ulanzi.

Alikula. Aliuma kipande kikubwa, akakitafuna mbele yao, akakimeza. Halafu akavua kofia ngumu, akaiweka sakafuni, akavua sweta, akavua koti.

"Mama Kandi, nitazame," alisema. "Ni Gaudensi. Mngoni. Nimekula ukoko wa marehemu, na jogoo wangu bado simwoni."

Akwilina alimtazama. Safari hii alimwona. Uso ulianza kubadilika polepole, kuanzia kwenye kidevu.

"Mwizi," alisema.

"Ndiyo."

"Umekula ukoko wa mwanangu!" Alichukua mwiko, akampiga nao begani, ugali ukarukia ukutani. "Akija nitampa nini?"

"Haji."

"Akija nitampa nini, mbwa wewe?" Akampiga tena, shingoni.

Daktari aliinuka, mkono ndani ya mfuko. Alikuwa akitikisa kichwa kwa nguvu. Mstari ulikuwa unapanda.

"Usiniite mbwa mbele ya Wahehe," Gaudensi alisema. "Watanipika."

Kikatoka kicheko. Kifupi, kikavu, cha Akwilina mwenyewe, hakikuletwa na mtu. Mwiko ulisita hewani. Alivuta pumzi. Daktari alisimama alipokuwa, akarudi kuketi.

"Alianguka," Akwilina alisema. Haikuwa swali, lakini ilisubiri jibu.

"Alianguka. Mnara wa mteremko wa chini. Mimi nililala ndani ya kaburi lake, nikatoka na udongo masikioni, na wewe ulinipa jogoo mwenye jicho moja."

"Alikuwa mzima yule jogoo."

"Alikuwa na jicho moja, Mama Kandi. Kwenu hata jogoo mnamla nusu kabla hamjamgawa."

Lakini safari hii hakucheka. Mkono ulikwenda tumboni, pale chini ya mbavu, na hakuna kitu kilichowahi. Ukakaa pale. Mwiko ulidondoka. Akwilina alikwenda chini taratibu, akiwa ameshika ukingo wa meza, akakaa sakafuni karibu na lile koti, na sauti iliyomtoka ilianza ndogo kama ya mtu anayeuliza jambo, halafu ikaongezeka mpaka kuku wakakimbia uani. Otmari alipiga magoti nyuma yake, akamkumbatia, na yeye akafungua mdomo. Walilia pamoja, kwa mara ya kwanza.

Gaudensi alisubiri zamu yake, akimtazama daktari, na daktari akaonyesha kiganja: bado, bado, sasa. Akaingia na upuuzi. Akatoka. Akaingia tena. Begani alikuwa anaumwa. Hakujua kama wanashinda.

Kilio cha msiba hakikai ndani ya nyumba. Majirani wakakisikia, wakaja kama watu wanavyokuja. Mtaa ule wote ulikuwa wa wafanyakazi wa kampuni. Wakajaa kwenye ua wa mianzi, wanawake kwa wanaume, wakasikia mama anamlilia mwanawe, makoo yakawabana, matumbo yakakaza, na nyuma ya masikio yao punje zikawahi.

Wakacheka.

Kicheko kilianza kwa mmoja, kikaenda kwa mwingine, kikapita juu ya ua na kuingia dirishani. Kilikuwa kicheko kikubwa, kama cha harusini. Otmari alisimama kufunga dirisha, mikono ikakosa komeo. Gaudensi, ambaye maisha yake yote aliwachekesha wafiwa, alitaka kutoka na panga.

Akwilina aliinua kichwa. Uso wake ulikuwa umelowa wote.

"Wanacheka nini?" aliuliza.

Gaudensi alichuchumaa mbele yake. Alikuwa na mzaha ulimini, akaumeza.

"Wanalia, Mama Kandi," alisema. "Hawajui tu."

Akwilina alisikiliza. Kwa muda mrefu alisikiliza, mkono bado tumboni, kama anayejaribu kuitambua sauti ambayo mwenyewe alikuwa nayo mpaka asubuhi ile.

"Basi wafungulie," alisema. "Baridi itawaua huko nje."

Gaudensi alikwenda, akafungua mlango. Wa kwanza kuingia alikuwa Mama Sesi. Alikuwa anacheka hadi hawezi kusimama wima, machozi yanamchirizika mpaka shingoni, na mkono wake ulikuwa umebana chini ya mbavu, palepale.